Nimenunua Altezza yenye kilometa 231,000 nikiwa na akili zangu timamu

Nahodha77 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite pembeni.

Miezi kumi na minne iliyopita nilinunua Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, gia sita za mkono, kilometa 231,000. Shemeji yangu alichungulia dashibodi, akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama ile ni kilometa au namba ya simu. Leo inasoma 248,700. Tegeta hadi Posta na kurudi karibu kila siku ya kazi, Tanga mara mbili, Dodoma mara moja. Haijawahi kurudi nyumbani ikivutwa kwa kamba. Ilikaribia mara moja, nitasimulia.

Naandika kwa sababu kila wiki kuna mtu anauliza humu, "Nataka Altezza yenye kilometa chache, bei gani?" Hizo chache ndizo zinazonitia wasiwasi. Gari ina miaka 20 na zaidi. Ikiwa imetembea 90,000 tu, ama ilikuwa imelala mahali, ama kuna mtu ameirudisha nyuma kwa mkono wake.

Kwa wasioijua: Altezza zilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, nje ya Japani zikauzwa kama Lexus IS. Sedani zake zipo za aina mbili na hapa mjini watu wanachanganywa makusudi. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, nguvu za farasi 160, mpole kama shangazi. RS200 ina 3S-GE ile wanayoiita BEAMS, silinda nne, lita 2, na ya gia za mkono ina farasi 210. Sasa hao farasi hawakai chini. Wanaanza kuamka mshale wa RPM ukipita 5,000 na wote wanafika kwenye 7,600. Ukiiendesha kama daladala utasema hii gari haina kitu.

Usisome nembo za buti, zinauzwa Kariakoo. Soma namba ya chasisi kwenye kadi: SXE10 ni RS, GXE10 ni AS. Nimeshaona GXE10 yenye nembo ya RS200 na muuzaji anaapa kwa jina la mama yake.

Gari ya kwanza niliyoiona ilikuwa Sinza, uani kwa dalali. Rangi ya fedha, viti vyekundu, namba D za mwanzo mwanzo, odometa 98,000, bei milioni 13 na nusu. Imeoshwa hadi injini inang'aa. Nilifungua boneti, nikapekua pekua, nikakuta kwenye kava la taimingi belti (mkanda unaoendesha vali za injini) kibandiko cha Kijapani. Wajapani wana tabia nzuri sana: wakibadilisha mkanda wanabandika tarehe na kilometa. Kiliandikwa 24, mwezi wa 8, kilometa 103,480.

Dalali alifurahi kuliko mimi. "Unaona? 2024! Mkanda mpya kabisa huo."

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Makaratasi ya magari ya Japani yanapita mezani kwangu kila siku, na Wajapani wanahesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Heisei ilianza 1989, kwa hiyo 24 ni Heisei 24, yaani 2012. Mwaka 2024 kwao ulikuwa Reiwa 6. Na gari yenye namba D ya mwanzo ilikuwa imeshafika Dar miaka mingi kabla ya 2024, huo mkanda ulibadilishwa Japani na nani? Kubwa zaidi: mkanda ulibadilishwa kilometa 103,480 na odometa leo inasoma 98,000. Nilimwuliza kama hii gari inatembea kinyumenyume. Akasema nina maneno mengi, wateja wapo.

Nikaondoka. Endeleeni kuagiza kahawa, ya pili inakuja.

Msukani

Niko siti ya mbele mkuu. Uzi bila picha lakini utamu upo.

Mjukuu_wa_Mzaramo

Mkuu umeongea kitu. Ila swali la muhimu: mkeo alikubali vipi?

Nahodha77

Mjukuu, sina mke kaka. Mimi ndiye mke wa mtu. Mume wangu anaendesha Noah na ana amani zake.

Mjukuu_wa_Mzaramo

Aisee! Samahani sana dada. Endelea, nimekaa chini.

Nahodha77

Ya pili ilikuwa Kigamboni, kwa mzee mmoja mstaafu. Rangi ya bluu iliyopauka juu ya paa, bampa limekwaruzwa, odometa 231,000, anataka milioni 11. Kwa macho, ya Sinza ilikuwa bibi harusi na hii ni mama mkwe.

Nikamwuliza mzee kuhusu matengenezo. Akaingia ndani akatoka na kauntabuku, ile nene, jalada limefungwa kwa gazeti. Miaka tisa ya gari iko mle. Kila oili, kila plagi, kilometa pembeni, jina la fundi, na bei. Mahali pamoja ameandika kwa kalamu nyekundu: "Sauti nyuma kulia. Gereji siku mbili. Ilikuwa sarafu ya mia mbili chini ya kiti." Na bei ya gereji, elfu thelathini na tano. Nilicheka hadi mkewe akaniletea maji.

Mkanda wa taimingi umebadilishwa mara moja mikononi mwake, kwenye 142,000. Toyota wanasema kila 100,000, kwa hiyo ulikuwa unakaribia, na kwa miaka ulishapitiliza. Mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda ile gari, kabla hata ya kukaa ndani.

Lakini sikutoa hela siku hiyo. Nilirudi Jumamosi saa moja asubuhi na fundi wangu, nikiwa nimemwomba mzee asiiwashe kabla hatujafika. Hili msilipuuze. Injini ikiwa ya moto inaficha mambo mengi. Nikagusa boneti: baridi. Fundi akawasha, tukasikiliza. 3S-GE yenye umri hukereza sekunde mbili tatu upande wa mbele, ni gia ya VVT-i (inayorekebisha muda wa vali kufunguka) inasubiri oili ipande. Ikiacha haraka mnaishi nayo. Ikiendelea, jiandae. Hii iliacha.

Tukaiacha sailensa, bila kukanyaga mafuta, dakika kumi, halafu fundi akapiga resi mimi nikiwa nyuma nimechuchumaa kwenye ekzosi. Wingu la moshi wa bluu ni sili za vali au ringi. Ulitoka kidogo, ukakata. Akatoa koili: shimo la plagi ya tatu lilikuwa na oili, gasketi ya tapeti kava imechoka, kitu kidogo. Akafunga geji ya kompresheni (ya kupima mgandamizo) kwenye silinda zote nne. Namba kubwa si hoja sana, hoja ni zisipishane. Zetu zilipishana kidogo sana, fundi akanikonyeza.

Chini ya gari: boljointi (viungo vinavyoshikilia tairi) za chini za mbele zinacheza. Hizo kwa Altezza ni ugonjwa wa ukoo, na zikikatika tairi linalala. Masega ya ekzosi (katalisti, kisafisha moshi) yapo, hayajatolewa. Mjue masega yana soko, gari nyingi hapa mjini zimeshachunwa ndani na mwenyewe hajui.

Mwisho nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za polisi kwa simu. Faini mbili za tochi, elfu thelathini kila moja. Nikaangalia na madeni ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara), safi. Mzee akaona aibu, akasema moja ni ya mkwewe. Tukafunga kwa milioni 10 na laki mbili, faini juu yake.

Fundi_wa_Karibu

Dada huyo fundi wako mshike vizuri. Wengi wetu mteja akija na gari ya kukagua tunaangalia rangi na taa ya injini basi. Naongeza kitu: ukikuta taa ya injini haiwaki kabisa hata ukifungua swichi kabla ya kuwasha, globu imetolewa au imezibwa. Lazima iwake kwanza ndipo izime.

Turbo_Mbagala

Altezza gari ya watoto wa shule. Njooni kwenye Subaru, Impreza WRX, EJ20 ya tabo. Yangu ina 187,000.

Fundi_wa_Karibu

Turbo, kilometa 187,000 za injini ya kwanza au ya pili?

Turbo_Mbagala

Ya pili 😅

Lakini nisikilizeni, ya kwanza niliiua mwenyewe. EJ20 ya tabo inakula oili kimyakimya, mimi nilikuwa nasubiri taa iwake. Taa ya oili ikishawaka kwenye Subaru si onyo hiyo, ni taarifa ya msiba. Beringi za koneksheni zikaanza kugonga nikiwa Kilwa Road, ko ko ko, ikanoki pale pale. Siku hizi stiki ya oili naitoa kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Mkanda nao 100,000, ukikatika vali zinakutana na pistoni.

Zainabu_K

Jamani mimi nina RX-8, nitetewe na nani? Kila fundi ananiambia inakula oili, kwa hiyo imekufa.

Nahodha77

Zainabu mdogo wangu, RX-8 imezaliwa ikila oili. Injini yake ya Renesis haina pistoni, ina rota mbili za pembetatu, na inanyunyiza oili kidogo makusudi kulainisha zile sili za kwenye ncha. Isipokula ndiyo uogope. Cha kupima ni kompresheni, na si kwa geji ya kawaida, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na geji ya kawaida inakupa namba moja tu ya uongo. Dalili ya bure: tembea nayo hadi ipate moto, zima, kaa dakika tano, washa. Ikisumbua kuwaka ikiwa moto, sili zimechoka.

Na usiiwashe kuisogeza mita mbili uioshe halafu ukaizima baridi. Itajaa mafuta na haitawaka, utamlaumu muosha magari.

Zainabu_K

Hicho cha kuosha kimenitokea MARA MBILI. Nilimfukuza kijana wa watu. Mungu anisamehe.

Msukani

Turudi kwenye hela dada. Milioni 10.2 ni bei ya kununua. Bei ya kumiliki je?

Nahodha77

Ngoja nifungue kauntabuku, ndiyo, alinipa.

Wiki ya kwanza kabla sijaizoea: mkanda, tenshona (kikaza mkanda), wota pampu na sili za mbele, 680,000 pamoja na ufundi. Wota pampu inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo ukifungua badilisha vyote, usirudi mle ndani mara mbili. Gasketi ya tapeti kava na plagi. Oili na filta. Halafu boljointi.

Boljointi ndizo zilinifundisha adabu. Nilinunua za bei rahisi duka moja Kariakoo, boksi limeandikwa jina la kiwanda kikubwa, herufi zinavutia. Miezi miwili. Nilikuwa nakata kona taratibu kuingia sheli Mwenge, kwenye tuta, nikasikia paa! na gari ikapiga magoti. Tairi la kushoto limelala ndani ya fenda kama mtoto aliyelemewa na usingizi. Mwendo labda kilometa kumi kwa saa. Dakika ishirini kabla nilikuwa kwenye themanini Barabara ya Bagamoyo. Nilikaa kwenye kiti nikishika usukani uliokuwa haushikilii kitu, bodaboda wamenizunguka kila mmoja ana fundi wake. Nilipozitoa zile boljointi na kuzilinganisha na za mzee zilizochakaa, za mzee zilikuwa na kifuniko cha grisi kizito na mhuri. Zangu ni kama toy. Sasa naagiza kwa namba ya spea na nakagua mhuri kwanza.

Mwezi wa pili na foleni ya Mwenge hadi Morocco ikaleta la joto. Mshale ukaanza kupanda. Fundi mwingine, si wangu, akanishauri nitoe termostati (vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto) "kwa sababu Dar kuna joto." Ushauri huu umeua injini nyingi hapa mjini. Termostati ikitolewa, barabara ikiwa wazi injini haipati joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inamwaga mafuta zaidi. Na kwenye foleni haikusaidii chochote kwa sababu tatizo si termostati, ni rejeta kushindwa kupoza maji. Kwangu ilikuwa rejeta imejaa kutu. Huko nyuma, kabla ya mzee, kuna mtu aliijaza maji ya kisima. Rejeta mpya, kulanti, kwisha.

Jumla miezi kumi na minne: milioni 3 na laki moja, nje ya mafuta. Mafuta ni kilometa saba hadi nane kwa lita mjini, ile Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA (wadhibiti wa nishati) wanapotangaza bei nakuwa mcha Mungu. Barabara ya Tanga ilinipa kumi na moja.

Kisichoandikwa kwenye kauntabuku ni kupanda kutoka Chalinze alfajiri, gia ya nne, mshale unavuka 6,000, na sauti inabadilika kama mtu aliyekuwa anazungumza ameanza kuimba. Tochi ilinipiga mbele kidogo. Nililipa, nilistahili.

Msukani

Bima?

Nahodha77

Bima kubwa mawakala watatu walinikatalia, gari imezeeka kwao. Nimebaki na ndogo. Kwa hiyo ikiibwa imeibwa, ndiyo maana ina swichi iliyofichwa na hapana, sisemi wapi.

Kaka_Arusha

Si bora kuagiza moja kwa moja Japani yenye karatasi ya mnada?

Nahodha77

Kwa RS200 hapana kaka, na haya ndiyo maisha yangu. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, halafu uchakavu: ikizidi miaka kumi unaongezewa asilimia 30. Na hizi si za kujumlisha tu, moja inapigwa juu ya nyingine. Ingiza modeli kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujaota. Pia soma daraja kwenye hiyo karatasi. Ikiandikwa R au RA, ilishagongwa ikatengenezwa. Si lazima iwe mbaya, ila bei iseme hivyo.

Kwa pesa hiyo bora iliyopo nchini ambayo mwenyewe unaweza kumtazama usoni.

Kijana_Makumbusho

Dada Nahodha shikamoo. Nimesoma uzi wote mikono inatetemeka. Ile ya fedha ya Sinza, viti vyekundu, ina mkwaruzo mlango wa nyuma kushoto?

Nahodha77

Marahaba. Ndiyo. Na kichwa cha gia ni cha mbao, kimepasuka juu.

Kijana_Makumbusho

Basi ndiyo niliyopaki hapa nje. Nilinunua mwaka jana milioni 12. Aliniambia mkanda ni mpya. Sasa hivi inasoma 121,000.

Nimefungua boneti saa hii kwa tochi ya simu. Kibandiko hakipo. Kuna alama ya gundi, mstatili, na vumbi limeganda humo.

Msukani

Duh.

Fundi_wa_Karibu

Dogo usiiwashe. Sikutanii. Kava la juu la mkanda ni boliti chache tu, mwite fundi hapo hapo ulipo, atazame. Usimpelekee gari.

Nahodha77

Sikiliza mdogo wangu. Huo mkanda ni wa 2012. Kilometa zake hakuna anayezijua, lakini miaka inatosha. Fanya alivyosema Fundi. Ukikuta mkanda bado mzima una bahati, nunua seti yote, wota pampu pia. Namba za spea nakutumia inbox.

Kijana_Makumbusho

Mrejesho. Fundi amekuja na boda. Mkanda una nyufa ndogondogo upande wa ndani kama kisigino, ukingo mmoja umeanza kutoa nyuzi, na maandishi yamefutika yote. Ameuzungusha kwa mkono, beringi ya tenshona inalia. Amesema amebakiwa na maneno machache ya kuniambia ila mama yangu yupo karibu.

Gari imelala. Seti nanunua Jumatatu.

Dalali nimempigia mara tatu hapokei. Ya nne nikatumia simu ya mama, akapokea. Nikamwuliza kibandiko kilichokuwa kwenye injini kiko wapi.

Akasema, "Kipi, kile cha 2024?"